Daraja Kati ya Nyimbo Mbili

Jioni ya arusi au ya sikukuu, katika mji wa Embu, Chuka au Meru, utamwona kijana amesimama nyuma ya meza yenye mashine mbili, na sikio lake moja limefunikwa kwa kisikizio. Wenzake humwita dijei. Sisi katika insha hii tutamwita mcheza santuri, ijapokuwa santuri zenyewe siku hizi ni adimu. Wimbo mmoja unakaribia mwisho. Wa pili umekwisha kuanza chini yake. Wala wachezaji hawatambui ni wapi wa kwanza ulipokoma na wa pili ulipoingia. Miguu haikusita hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya kijana yule, na asiyeijua huiona nyepesi, kama vile asiyewahi kushika sindano anavyouona mshono wa fundi.

Watu wengi wa makamo husema kwamba kazi hiyo ni ya mashine tu, tena ni jambo geni lililotufikia juzi kutoka ng'ambo. Nusu ya maneno hayo ni kweli, maana mashine ni ngeni. Lakini elimu iliyomo katika kazi ile ina sehemu mbili, na zote mbili zilikuwako katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya kabla ya kuzaliwa huyo kijana, na hata kabla ya kuzaliwa baba yake. Sehemu ya kwanza ni kulinganisha mapigo. Ya pili ni kupatanisha sauti. Ya kwanza tutaitafuta kwenye ngoma za Wachuka, na ya pili kwenye ubao wa mwalimu wa misheni.

Wachuka hukaa kati ya Wameru na Waembu, kaskazini ya mto Thuci, katika nchi ambayo tangu mwaka 2013 imo ndani ya Kaunti ya Tharaka-Nithi. Jina lao limejulikana kote Kenya kwa sababu ya ngoma zao. Ngoma ya Kichuka ni ndefu na nyembamba. Mpigaji huishika katikati ya mapaja, akainama juu yake, akaipiga kwa viganja huku akicheza nayo, hata mtazamaji hushindwa kusema kama mtu ndiye anayeichezesha ngoma au ngoma ndiyo inayomchezesha mtu. Hawapigi mmoja mmoja. Hupiga kundi zima, na kiongozi huwapa ishara kwa filimbi. Watazamaji wa Nairobi wamezisikia katika sherehe za taifa na katika Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971.

Sasa sikiliza jinsi kundi kama hilo linavyofanya kazi. Wapigaji wote hawapigi pigo moja. Mmoja hushika pigo lisilobadilika, na wengine hujaza nafasi alizoziacha, kila mmoja kwa mpango wake. Ukimsikiliza mmoja peke yake, kazi yake yaweza kuonekana haina maana. Ukiwasikiliza wote pamoja, kila kitu kiko mahali pake. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki uwiano unaopatikana mara kwa mara ni ule wa tatu kwa mbili: katika muda ambao mkono mmoja hupiga mara mbili, mwingine hupiga mara tatu, na yote miwili hukutana tena mwanzoni mwa kila mzunguko. Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hilo juu ya dawati lake. Mara za kwanza mikono itakataa. Ikikubali, hataisahau tena. Nakuomba, msomaji, uukumbuke uwiano huo wa tatu kwa mbili, kwa maana tutakutana nao tena mahali usipoutarajia.

Kiongozi anapotaka kubadilisha mwendo hasimamishi ngoma. Hupiga filimbi, na kundi zima hugeuka juu ya pigo lililo sawa, pasipo pengo katikati. Kadhalika katika nyimbo za kuitikiana, zilizoenea katika Meru na Embu kama zilivyoenea katika sehemu nyingi za Afrika, kiongozi mpya aweza kuingia wakati waitikiaji hawajanyamaza bado. Huichukua sauti yake kutoka kwao, si kutoka hewani. Kuunganisha wimbo na wimbo bila kuvunja mchezo, basi, si jambo lililongoja umeme.

Mwaka 1910 misheni ya Kianglikana ya C.M.S. ilianzishwa Kigari katika Embu na Dk. T. W. W. Crawford. Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912, na mwaka 1922 Dk. Clive Irvine wa Kanisa la Scotland alifungua kazi Chogoria. Misheni hizo za Kiprotestanti ziliwakataza waumini wao kwenda katika ngoma, kwa sababu ngoma nyingi ziliambatana na jando na sherehe nyingine ambazo wamishonari hawakuziridhia. Baadaye serikali nayo iliongeza uzito wake: wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960, watu wa Embu na Meru walikusanywa katika vijiji vyenye amri ya kutotoka nje usiku, na ngoma ya usiku haina nafasi chini ya amri kama hiyo. Ni ajabu ya kutosha kwamba ngoma za Wachuka zilipita katika miaka hiyo yote zikabaki hai.

Lakini misheni hazikunyang'anya tu; zilileta pia. Pamoja na kitabu cha nyimbo ulikuja mtindo wa do, re, mi. Mtindo huu ulianzia kwa bibi mmoja wa Norwich katika Uingereza, Sarah Glover, aliyetaka watoto wa shule ya Jumapili waweze kusoma nyimbo bila kujifunza nukta za kinanda. John Curwen, mchungaji, aliuchukua, akaurekebisha na kuueneza kuanzia miaka ya 1840. Haukuhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari, bali herufi chache ubaoni, na kwa hiyo ulisafiri upesi hadi Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliutumia alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao baadaye ulizaa wimbo wa taifa wa Tanzania. Walimu wa Kenya waliujua vivyo hivyo, na kwaya nyingi za makanisa yetu huutumia hata leo.

Katika mtindo wa Curwen mlikuwa na chombo kimoja ambacho naona hakijapewa heshima yake. Ni chati ndefu iliyotundikwa ukutani, yenye safu ya herufi kutoka chini kwenda juu, ambayo mwalimu aliifuata kwa fimbo huku wanafunzi wakiimba. Chati iliyo kamili haina safu moja. Ina safu ya katikati, na kando zake zipo safu nyingine, zimepandishwa au kushushwa. Ubavuni mwa so ya safu ya katikati imeandikwa do ya safu ya pili. Mwalimu akitaka wimbo uhame, huipeleka fimbo mpaka so, watoto wakaimba so. Kisha huisogeza ubavuni, nao wakaiimba sauti ileile, lakini sasa wakaiita do, wakaendelea katika nyumba mpya. Sauti ile inayohesabiwa katika nyumba zote mbili iliitwa kwa Kiingereza kwa jina lenye maana ya daraja, na jina hilo limeifaa.

Kwa nini so, wala si sauti nyingine? Hapa ndipo tunapokutana tena na tatu kwa mbili. Kila sauti ni mtetemo. Sauti ambayo wapiga vinanda wa dunia nzima hulinganisha vyombo vyao kwayo, iitwayo A, hutetemeka mara 440 katika sekunde moja. Kipimo hicho kilikubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Ukiiita sauti hiyo do, so yake itatetemeka takriban mara 660. Gawanya mwenyewe: 660 kwa 440 ni tatu kwa mbili. Mikono miwili iliyopiga dawati, mmoja mara tatu na mwingine mara mbili, kama ingeweza kuongeza kasi hadi mamia ya mapigo katika sekunde moja, isingesikika tena kama mapigo. Ingesikika kama do na so zikiimba pamoja. Mpatano wa sauti na mpatano wa ngoma ni jambo moja, tofauti yake ni kasi tu. Nimelisema neno hili darasani mara nyingi, na kila mwaka huwapo mwanafunzi mmoja asiyelikubali hadi alipige hesabu mwenyewe.

Sasa weka kando ya ile A sauti iliyo jirani yake kabisa kwenye kinanda, yenye mitetemo 466. Hizo mbili hukutana vibaya, kwa maana kati yao huzuka mtikisiko wa mara 26 kwa sekunde, nalo sikio huuita mkwaruzo. Mtunzi aweza kuutaka mkwaruzo huo kwa sababu yake mwenyewe. Lakini mcheza santuri akiunganisha nyimbo mbili zenye do zilizoachana kwa nusu-toni kama hiyo, wachezaji watakunja nyuso bila kujua sababu.

Ukitoka do kwenda so, ukaifanya so hiyo kuwa do mpya, ukaenda tena kwenye so yake, na kuendelea hivyo mara kumi na mbili, utakuwa umepita sauti zote kumi na mbili za kinanda na kurudi mahali ulipoanza. Kusema kweli hurudi hasa. Utapita mbele kidogo, pungufu ya robo ya nusu-toni, na watengenezaji wa vinanda vya Ulaya walihangaika kwa karne nyingi wakitafuta mahali pa kukificha kipande hicho. Hatimaye walikigawanya sawasawa katika hatua zote kumi na mbili, kila moja ikapunjwa kiasi kisichosikika kwa urahisi. Hapo duara likafungika. Mjerumani Johann David Heinichen aliichapa picha ya duara kama hilo katika kitabu chake cha mwaka 1728.

Twende sasa kwenye muziki wa vijana. Mwaka 1977 ilifunguliwa katika mji wa Chicago, Marekani, nyumba ya dansi iliyoitwa Warehouse, na mcheza santuri wake alikuwa Frankie Knuckles. Inasemekana kwamba jina la muziki wa hausi lilitoka katika jina la nyumba hiyo. Katika miaka ya 1980 mji wa Detroit ulizaa muziki mwingine wa mashine, yaani tekno. Na katika miaka ya 1990, huko London na kwingineko, watu walichanganya aina hizo mbili wakapata kile kinachoitwa teki hausi. Ni muziki wa mapigo kati ya 120 na 130 hivi kwa dakika moja. Maneno yake ni machache, na sehemu yake kubwa ni ngoma na besi. Mara nyingi mwanzo na mwisho wa wimbo huachwa ngoma tupu, makusudi, ili mwenye kuunganisha apate mahali pa kushika. Mzee wa Chuka asingehitaji kufafanuliwa sababu yake.

Mcheza santuri wa zamani alikuwa na taabu moja kubwa. Santuri ikizungushwa kwa kasi zaidi, mapigo huongezeka, lakini na sauti hupanda pia. Mambo hayo mawili yamefungwa kwa kamba moja. Francis Grasso, aliyefanya kazi New York karibu na mwaka 1969, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulinganisha mapigo ya santuri mbili kwa mkono na sikio. Mwaka 1979 kampuni ya Technics ilitoa mashine ya SL-1200MK2, yenye kidude cha kusukuma kinachoongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Tuseme una wimbo wa mapigo 120 ambao do yake ni G, na wataka kuuunganisha na wimbo mwingine wa mapigo 127 ambao do yake pia ni G. Waziona kuwa ndugu. Lakini ukiusukuma wa kwanza kutoka 120 hadi 127, do yake imepanda karibu nusu-toni nzima, na ndugu wale wamekuwa maadui. Mapigo yamepatana, sauti zimegombana. Fundi wa siku hizo aliweza kuikata besi ya wimbo mmoja kwa kitufe, maana ugomvi husikika zaidi chini, au kungoja mpaka zibaki ngoma tupu, ambazo hazina do.

Mashine ya Pioneer CDJ-500, iliyotoka mwaka 1994, iliikata kamba hiyo. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, mapigo yaliweza kubadilika na sauti ikabaki pale pale. Tangu hapo ikawa na maana kuuliza kila wimbo do yake iko wapi, kwa sababu jibu halikugeuka tena mikononi mwa mchezaji. Mmarekani Mark Davis alilichora duara lile la kale kama uso wa saa, akaliita Camelot: namba 1 hadi 12, B kwa nyimbo zinazokaa juu ya do, A kwa zile za huzuni zinazokaa juu ya la. Mwaka 2006 ilikuja programu ya Mixed In Key, inayousikiliza wimbo yenyewe na kuubandika alama yake. Kutoka 8B kijana aweza kwenda 9B, ambayo do yake ni so ya ile ya kwanza. Au 7B, upande wa pili. Au 8A, nyumba ileile kwa mlango wa la. Mwambie mwalimu wa kwaya habari hiyo kwa lugha ya do na so, naye atakuonyesha chati ya Curwen. Ni madaraja yaleyale.

Yote hayo yanapendeza, na laiti habari ingeishia hapo. Lakini saa yenye namba kumi na mbili inajua sauti kumi na mbili tu. Hugh Tracey, aliyesafiri Kenya mwaka 1950 na 1952 akinasa nyimbo, alikuwa akibeba seti ya nyuma za chuma, kila uma wenye sauti yake, akapima kwazo vyombo vya watu wengi wa Afrika. Aliona kwamba mara nyingi mpangilio wao haukuwa ule wa kinanda. Isitoshe, Kimeru na Kiembu ni lugha ambazo neno hupanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ni sehemu ya maana yake. Mwimbaji wa kienyeji hulifuata neno. Wimbo wa misheni uliotafsiriwa humlazimisha neno limfuate do. Tuliosoma kwa chati ya ukutani tulifunzwa, pasipo mtu kutuambia waziwazi, kwamba bibi zetu waliimba pembeni kidogo ya mahali panapostahili.

Programu ya siku hizi imeurithi ubao huo bila kujua. Ukiipa rekodi ya zamani ya kiongozi na waitikiaji wake, itaibandika 8A au 3A, kwa kuwa lazima ichague moja, hata kama sauti imesimama katikati. Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2014 baadhi ya rekodi za Tracey zilirudishwa Kenya, na mwaka 2016 rekodi zake za Malawi zilitolewa katika albamu ya Beating Heart, baada ya kupewa watengenezaji wa muziki wa dansi wazichanganye na mashine zao. Siku yoyote kijana wa Meru au Embu aweza kulitaka jambo hilohilo kwa wimbo wa nyumbani. Ngoma za Wachuka hazitamsumbua, kwa kuwa ngoma haina do. Ataziweka juu ya wimbo wowote ikiwa mapigo yanakubaliana. Taabu ni sauti ya mtu. Njia iliyo rahisi, ambayo programu itamtolea bila kuombwa, ni kuisukuma sauti ile ya kale mpaka iingie katika namba iliyo karibu. Itapatana na besi, naam, lakini kiongozi aliyeimba hataimba tena alichokiimba.

Njia ya pili inataka sikio na dakika tano. Kijana na aifunge sauti ya mwimbaji kwa kitufe kile kinachoizuia isipande wala isishuke. Kisha aufungue wimbo wa teki hausi, uwe kama santuri ya zamani ambayo kasi na sauti zimefungwa pamoja. Ikiwa mwimbaji amesimama juu ya namba yake kwa theluthi ya nusu-toni, na hausi inapiga mapigo 125, aisukume mpaka 127.5. Asilimia mbili tu. Hausi yote, besi na vinanda, itapanda takriban theluthi hiyo na kumfikia mwimbaji mahali alipo, na mapigo ya wimbo wa kale yatafuatishwa bila sauti yake kuguswa. Kama amesimama chini ya namba yake, kidude kirudishwe upande wa pili kwa kiasi hichohicho.